Boti ya watalii: Fungu la injini limepotelea wapi?

MJADALA wa boti nchini kwa miaka ya karibuni umekuwa mjadala wa kununua. Zanzibar imegawa boti za mikopo kwa wavuvi na wakulima wa mwani chini ya sera ya uchumi wa buluu. Januari 2024, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua utoaji wa boti za mikopo nafuu kwa wavuvi wa Bara. Katika miji midogo ya pwani nako, watu wenye minazi, mikorosho au duka wamekuwa wakitoa akiba zao, au kukopa kwenye Saccos, ili wanunue boti za kutembeza wageni.

Jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha ni gharama ya kuwa na boti baada ya kuinunua. Mnunuzi anajua bei ya chombo na bei ya injini hadi shilingi ya mwisho, lakini akiulizwa boti hiyo itamla kiasi gani kwa mwaka, jibu lake huwa ni la petroli tu. Petroli ni sehemu ya jibu, na kwa mwenye boti inayotoka mara chache huenda isiwe sehemu kubwa kuliko zote.

Mfano mzuri wa biashara hii ni Kilindoni, kisiwani Mafia. Kati ya Oktoba na Februari papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, husogea karibu na ufukwe wa mji huo kufuata chakula, na wageni huja kuogelea pembeni yake. Safari si ndefu na haihitaji meli. Mashua ya mbao yenye injini ya nje ya nguvu za farasi 40, nahodha mmoja na baharia mmoja inatosha. Kwa mkazi mwenye shamba la minazi hii ni kazi iliyo mlangoni kwake. Haihitaji kuhamia Dar es Salaam wala kujenga hoteli.

Soko nalo limerejea. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa sababu ya Uviko-19, idadi hiyo ilianguka hadi takriban 620,000, na boti nyingi za pwani zikabaki zimefungwa. Kufikia 2023 idadi ilikuwa imevuka milioni 1.8. Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu mwenye shilingi milioni chache anaitazama bahari kabla ya kutazama ekari nyingine ya shamba.

Lakini boti na ekari ya minazi havifanani. Mnazi ukiachwa mwezi mzima bila kuguswa unaendelea kuzaa. Boti ikiachwa mwezi mzima majini inaendelea kula.

Kuchukulia mfano wa hesabu kutasaidia. Tarakimu zinazofuata ni za kielelezo, na kila mwenye boti anapaswa kuweka za kwake kwa kadiri ya bei za mahali alipo. Chukulia mashua imenunuliwa kwa Sh8 milioni na injini kwa Sh9 milioni. Chombo kikitunzwa kitatumika miaka kumi. Injini, kwa kazi ya maji ya chumvi, itatumika miaka mitano, kisha itauzwa kama mtumba kwa Sh1.5 milioni.

Kwa hesabu hiyo injini inachakaa kwa Sh1.5 milioni kila mwaka, na chombo kwa Sh800,000. Kukalafati, kupaka deheni na rangi mara mbili kwa mwaka, Sh600,000. Matengenezo ya kawaida ya injini pamoja na vipuri, Sh500,000. Leseni, ukaguzi, jaketi okozi zinazochakaa na mtungi wa kuzimia moto, Sh400,000. Mlinzi wa ufukweni kwa Sh50,000 kwa mwezi ni Sh600,000. Jumla yake ni Sh4.4 milioni, na hapo boti haijatoka hata safari moja.

Safari nayo ina gharama zake. Chukulia lita 30 za petroli kwa Sh3,000, yaani Sh90,000. Injini ya mipigo miwili huchanganywa na oili kwa kipimo cha lita moja kwa lita 50 za petroli, hivyo lita 30 zinahitaji oili ya lita 0.6, ambayo kwa Sh15,000 kwa lita ni Sh9,000. Nahodha na baharia Sh40,000. Maji ya kunywa na matunda ya wageni Sh11,000. Jumla ni Sh150,000.

Sasa mwenye boti anatoza Sh200,000 kwa safari, kwa kuwa jirani yake naye anatoza hivyo. Jioni anabaki na Sh50,000 mkononi na anaiita faida. Akitoka safari 60 kwa mwaka anakuwa amekusanya Sh3 milioni za namna hiyo. Akitoa gharama za mwaka ambazo lazima azilipe kwa fedha taslimu, ambazo ni Sh2.1 milioni, anabaki na Sh900,000. Si nyingi, lakini anaona boti inamlipa.

Ukweli ni kwamba amepata hasara ya Sh1.4 milioni. Uchakavu wa injini na chombo, Sh2.3 milioni, haukumjia kama ankara wala risiti, hivyo hakuuhesabu. Katika miaka mitano atakuwa amekula Sh4.5 milioni akidhani ni faida. Siku injini itakapokufa atahitaji Sh7.5 milioni juu ya zile atakazouzia ya zamani, na hatakuwa nazo. Hapo ndipo mashua huvutwa juu ya mchanga ikafunikwa makuti "kwa muda", na muda huo ukawa miaka.

Ili bei ya Sh200,000 ilipe gharama zote, boti hiyo ingehitaji safari 88 kwa mwaka. Msimu wa papa potwe una siku takriban 150. Ni zaidi ya safari moja katika kila siku mbili, bila kuondoa siku za upepo mkali, siku ambazo papa hawaonekani na siku ambazo wageni wamechukuliwa na wengine. Kwa safari 60, gharama halisi ya kila safari ni zaidi ya Sh223,000. Kwa safari 40 inafika Sh260,000. Mwenye safari chache anayeshindana kwa bei na mwenye safari nyingi anamlipia mgeni sehemu ya nauli kutoka mfukoni mwake.

Wavuvi walilijua hili

Kinachoshangaza ni kwamba watu wa pwani hawakuwa wageni wa hesabu ya uchakavu. Katika uvuvi wa mgao, baada ya mauzo na baada ya kutoa gharama za safari, fedha hugawanywa kwa mafungu. Wavuvi wana mafungu yao, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na pale penye injini nayo ina fungu lake. Viwango hutofautiana kutoka bandari hadi bandari, lakini msingi ni mmoja, kwamba chombo kinahesabiwa kama mmoja wa waliofanya kazi na lazima kilipwe.

Boti hiyo hiyo inapohamia kwenye utalii, mgao unakufa. Nahodha na baharia wanalipwa ujira wa siku, petroli inalipwa, na kinachobaki kinaingia mfuko mmoja na ada za shule, sukari na michango ya harusi. Fungu la injini halikuibwa na mtu. Limekosa tu mahali pa kukaa, kwa sababu mgeni halipi kwa samaki wanaogawanywa mbele ya watu bali analipa noti anazopokea mtu mmoja.

Kulirejesha si jambo gumu kihesabu. Injini inayochakaa kwa Sh1.5 milioni kwa mwaka katika safari 60 inadai Sh25,000 kwa kila safari. Fedha hizo zinapaswa kutolewa siku ileile, kabla ya kitu kingine chochote, na kuwekwa kwenye akaunti ambayo si ya matumizi ya nyumbani. Wenye boti walio kwenye kikundi wanaweza kuiweka pamoja kwa saini tatu, kama Vicoba vinavyofanya. Anayesema hawezi kutenga Sh25,000 kwa safari anasema, kwa maneno mengine, kwamba bei yake haitoshi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Injini zinaagizwa nje, na mwaka 2023 hadi sehemu kubwa ya 2024 shilingi ilishuka thamani dhidi ya dola. Aliyetenga kwa bei ya injini aliyonunua zamani atakuta fungu lake halifiki dukani. Ni busara kuuliza bei ya injini mpya kila mwaka na kurekebisha kiasi kinachotengwa.

Kasi inauma kuliko bei ya pampu

Malalamiko makubwa ya wenye boti huwa ni bei ya mafuta, na yana msingi. Mwaka 2022 petroli ilivuka Sh3,000 kwa lita hata Dar es Salaam, na visiwani na wilaya za mbali bei huongezeka kwa usafirishaji. Hata hivyo, bei kikomo inayotangazwa na Ewura kila mwezi haipangwi na mwenye boti. Mpini wa injini uko mkononi mwa nahodha wake.

Injini ya mipigo miwili ya nguvu za farasi 40 ikifunguliwa hadi mwisho inaweza kunywa lita 15 au zaidi kwa saa. Mashua nzito ya mbao haina umbo la kupaa juu ya maji, hivyo kadiri inavyosukumwa kwa kasi ndivyo nguvu kubwa zaidi inavyoishia kutengeneza mawimbi nyuma yake. Nguvu inayohitajika hupanda kwa haraka sana kuliko kasi inayopatikana. Kupunguza kasi kidogo, kwa hiyo, kunaokoa mafuta mengi kuliko dakika zinazopotea. Na karibu na papa potwe mwendo wa taratibu ni wa lazima kwa usalama wa samaki na wa waogeleaji.

Chukulia nahodha amepunguza matumizi kutoka lita 30 hadi 24. Pamoja na oili anaokoa Sh19,800 kwa safari, na kwa safari 60 ni Sh1,188,000. Kiasi hicho peke yake kinafuta sehemu kubwa ya ile hasara ya Sh1.4 milioni, bila kumwongezea mgeni hata shilingi. Tatizo ni kwamba nahodha wa ujira hana sababu ya kuokoa mafuta ya tajiri. Akiahidiwa sehemu ya kinachookolewa, atakuwa nayo.

Tanga pia lisidharauliwe. Kwa safari ya jioni ya kutazama jua likizama, mgeni anayelipa kupanda mashua mara nyingi angependa kusikia upepo kuliko mngurumo wa injini. Tanga linahitaji kushonwa, kamba zake zinachakaa na linahitaji mabaharia wanaolijua, kwa hiyo si bure. Lakini kusi na kaskazi havijawahi kupandishwa bei.

Wengine wanashauri injini za mipigo minne. Ni kweli kwamba zinatumia mafuta kidogo na hazichanganywi oili kwenye petroli. Bei yake ni kubwa zaidi, na fundi wa kuitengeneza pamoja na vipuri si lazima viwepo kisiwani. Injini inayongoja kipuri kutoka Dar es Salaam wiki mbili katikati ya Desemba imepoteza safari ambazo petroli iliyookolewa haitazirudisha. Kwa aliye mbali na mafundi, injini ya kizamani anayoweza kuifungua fundi wa mtaani bado ina hoja yake.

Chumvi na jua

Miaka mitano ya injini iliyotajwa hapo juu haiji yenyewe. Inategemea zaidi maji baridi kuliko fundi. Injini ya nje hupozwa kwa maji inayoyavuta baharini, na yakikauka ndani ya njia zake huacha chumvi inayoziba na kula chuma. Dawa yake ni kuiendesha kwa maji yasiyo na chumvi dakika kama kumi baada ya kazi, kwa mpira wa bomba au ndani ya pipa. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa ndoo hii inaonekana anasa, na ndiyo sababu inaachwa. Pipa la maji kwa kila siku ya kazi, hata likinunuliwa, ni rahisi kuliko silinda iliyoungua.

Mpira wa pampu ya maji ubadilishwe kila mwaka hata kama unaonekana mzima, kwani ukikatika baharini injini huungua kabla nahodha hajasikia harufu. Vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye injini vimewekwa ili vilike badala ya chuma, hivyo visipakwe rangi (wapo wanaopaka), na vikibaki nusu vitolewe. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili ya ekseli ya pangaboi imekwisha. Petroli iliyokaa miezi kwenye madumu huharibika na kukusanya maji. Ni bora isinunuliwe kwa wingi msimu unapoelekea mwisho.

Chombo cha mbao kina maadui wawili wanaopingana. Kikikaa majini muda mrefu bila deheni au rangi ya kuzuia viumbe, funza wa baharini hutoboa mbao na magamba hujishika chini, na mashua yenye magamba hunywa mafuta zaidi kwa mwendo uleule. Kikikaa juani muda mrefu, mbao hukauka na kujikunja, pamba ya kalafati hulegea na siku ya kurudi majini kinavuja kila mahali. Kipandishwe wakati wa maji ya bamvu, kisafishwe, kikalafatiwe na kupakwa, kifunikwe makuti, kisha kirudi majini bila kungoja miezi.

Muda mzuri wa kazi hiyo ni Aprili na Mei. Masika yapo, kusi imeanza, wageni ni wachache na hoteli kadhaa za pwani hufunga. Wengi huingoja Septemba, wakati fundi wa mashua anagombaniwa na bei yake imepanda, na wakati tundu ambalo lingezibwa kwa kipande cha ubao Mei limekuwa kazi ya ubao mzima.

Ukaguzi na leseni ndiyo gharama inayokwepwa zaidi na ni ndogo katika orodha. Bara, usalama wa vyombo vidogo unasimamiwa na TASAC, iliyochukua kazi hiyo kutoka Sumatra mwaka 2018. Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini. Mwenye boti anayeazima jaketi okozi za jirani siku ya ukaguzi ameokoa fedha za safari mbili au tatu, na ameweka rehani shamba lake lote siku mgeni atakapozama. Bima ya chombo cha mbao si rahisi kupatikana, na hilo linafanya jaketi kuwa bima yenyewe.

Mkopo unaolipwa na minazi

Linabaki suala la deni. Chukulia kati ya Sh17 milioni za boti na injini, Sh6 milioni zilikopwa Saccos kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, kulipwa kwa miezi 24. Kila mwezi ni Sh250,000 za deni lenyewe, na riba inaanza na Sh60,000. Mwaka wa kwanza marejesho yote ni Sh3,555,000.

Boti inayotoza Sh200,000 na kutoka mara 60 ilibakisha Sh900,000 taslimu. Haiwezi kulipa mkopo huo kwa ratiba yoyote ile. Kama mkopo unalipwa, basi unalipwa na minazi, mikorosho au duka, na mwenyewe hajui kwa kuwa fedha zote ziko mfuko mmoja. Boti ileile ikitoza Sh240,000 na kwenda taratibu inabakisha Sh4,488,000 baada ya gharama taslimu. Inalipa marejesho ya mwaka wa kwanza na kubakisha Sh933,000. Fungu la injini bado halijatimia, kwani linahitaji Sh1.5 milioni, lakini mwaka wa tatu deni likiisha litatimia na kufidia pengo.

Swali la kama wageni watakubali Sh240,000 haliwezi kujibiwa na mtu mmoja. Jirani akibaki kwenye Sh200,000, aliyepandisha atakosa wateja, na atarudi chini. Ndiyo maana hesabu hii inawahusu wote wanaoegesha kwenye ufukwe mmoja. Vikundi vya wenye boti vinaweza kukaa Agosti, kabla msimu haujafunguliwa, na kila mmoja kuleta gharama zake za mwaka kwenye karatasi. Wengi wataona kwa mara ya kwanza kwamba bei wanayoigombania iko chini ya gharama zao.

Saccos nazo zina la kurekebisha. Mkopo wa boti wenye marejesho sawa kila mwezi unamdai mkopaji zaidi ya Sh500,000 kwa Aprili na Mei pekee, miezi ambayo boti iko juu ya mchanga na fundi wa kalafati anasubiri kulipwa. Mkulima wa korosho anaeleweka kwamba fedha yake hutoka minada inapofunguliwa, kuanzia Oktoba. Mwenye boti ya Kilindoni anavuna kuanzia mwezi huohuo. Marejesho makubwa kati ya Oktoba na Februari, na riba peke yake miezi iliyobaki, yangemwachia fedha za deheni Mei na kumpa afisa mikopo nafasi ya kuuliza swali ambalo fomu nyingi hazina: fungu la injini lina kiasi gani leo?